Kichwa Kikae Chini ya Fimbo

Lilikuwa pikapu la Land Cruiser, lile ambalo madereva huliita sabini na tisa, limeegeshwa chini ya mwembe kando ya gereji moja ya Mugumu. Paa la kabini lilikuwa limekatwa. Nyuma ya dereva zilikuwa zimeshachomelewa safu tatu za viti, kila safu juu kuliko ile ya mbele yake, kama majukwaa ya uwanja wa mpira, ili mgeni wa mwisho naye amwone simba bila kuchungulia begani kwa mwenzake. Mwenye gari alikuwa na mipango miwili. Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara, lingefanya kazi Kogatende. Miezi iliyobaki lingetembea barabarani kama gari jingine lolote: Mugumu hadi Tarime kupitia Nyamongo, Tarime hadi Sirari kupokea wageni wanaovuka kutoka Isebania, upande wa Kenya. Fundi alikuwa ameshika chaki. Akauliza, "Bosi, vyuma vya kupinduka tunaweka, au tunafunga turubai tu?"

Jibu lilichukua jioni nzima, na watu waliokuja kwa shughuli zao wakaingia mmoja mmoja. Nauandika mjadala ule kwa sauti zao, nikiwaita kwa kazi zao tu. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta: vyuma viwekwe. Ila nilifika pale nikiamini hivyo kwa sababu iliyokuwa nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili alinipa nesi.

Kwanza maneno yenyewe. Bomba lililokunjwa kama mlango, miguu miwili sakafuni na mgongo juu ya vichwa vya watu, fundi wetu aliliita upinde. Mabomba yanayomzunguka abiria pande zote, mbele, ubavuni na juu, kama ya gari la rali, aliyaita kizimba. Nami nitayaita hivyohivyo.

MWENYE GARI: Mimi sikatai usalama, fundi. Lakini nimetafuta gari ya wazi ili iwe wazi. Mgeni anatoka kwao mbali, anataka anga, anataka upepo, anataka picha isiyo na bomba katikati. Kambi za Kogatende zina magari ya wazi kabisa, na wageni wanayapenda. Nikijenga kizimba, huyo mgeni atapanda la jirani.

DEREVA: Na mimi naongezea, bosi. Gari haipinduki kwa kukosa bomba. Inapinduka kwa mguu wa dereva. Hifadhini mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Mwenye kuifuata hiyo, akaweka upepo wa tairi sawasawa, shokapu zikawa nzima, asipakie mizigo juu, hilo bomba litaota kutu bila kufanya kazi hata siku moja.

FUNDI: Hiyo 50 unaifuata redio ikiita kwamba nyumbu wameanza kushuka mtoni?

Dereva alinyamaza kidogo. Aliyewahi kukaa Kogatende mwezi wa nane anaujua ukimya ule. Magari yametawanyika mbugani, mmoja anaona vumbi ng'ambo, anaita, na kila dereva aliye karibu anageuza pua kuelekea mto. Wageni wameshasimama juu ya viti na kamera mikononi. Uvukaji unaweza kwisha kwa dakika kumi, na mgeni aliyesubiri siku tatu hataki kusikia habari za mwendo.

DEREVA: Sawa, siku hiyo siifuati. Nasema kweli. Lakini tujue inapinduka vipi. Gari ndefu na ya juu hivi haianguki tu kwa kona, kama watu wanavyodhani. Inategwa. Inateleza upande, halafu tairi za ubavu zinakuta kitu: ukingo wa korongo, shimo la ngiri, tope lililokauka katika alama za lori. Tairi zinasimama, mwili wa gari unaendelea. Udongo mweusi wetu ukinyeshewa ni sabuni, ukikauka ni tofali. Vyote viwili vinatega.

Nilimheshimu kwa maelezo yale, maana ndiyo fizikia yenyewe bila hesabu. Hesabu yake ni fupi: upana kati ya tairi za kushoto na za kulia, ugawe kwa mara mbili ya kimo cha mahali uzito wa gari unapotulia. Jibu likipungua, gari lina hamu ya kulala ubavu. Sasa tazama tulichokuwa tumelifanyia lile pikapu. Upana wake tuliuacha ulivyo. Uzito tuliupandisha kwa safu tatu za viti vya ngazi na watu tisa juu yake. Na wale tisa wakisimama, uzito unapanda tena. Kwa mwendo nao, kila ongezeko linalipiwa zaidi ya linavyoonekana, kwa kuwa nguvu ya gari linalokwenda hukua kwa mraba wa mwendo wake. Kutoka 50 hadi 80 kwa saa, nguvu ya kuvunja inakuwa zaidi ya mara mbili na nusu.

MWENYE GARI: Haya, nawe mwenyewe unasema uzito wa juu ni adui. Halafu mnataka kuniongezea chuma juu ya vichwa vya watu?

FUNDI: Nipigie hesabu, bosi. Pinde tatu, kila moja kama mita tano za bomba, ni kumi na tano. Mabomba ya kuziunganisha na ya kukingama, tuseme kumi. Ishirini na tano. Bomba la milimita 45 lenye unene wa 2.5 lina uzito wa kilo 2.6 hivi kwa mita. Inafika kilo 65. Mfuko wa saruji na robo.

DEREVA: Mgeni mmoja asiye mnene.

FUNDI: Mgeni mmoja aliyekaa. Ukimkataza mmoja kusimama, umeshaulipa upinde wote.

Hapo aliingia mzee wa Nyamongo, mstaafu wa kazi za mgodini, aliyekuwa akisubiri springi za gari la mwanawe. Alikuwa amesimama kando muda mrefu akiegemea fimbo yake, kama wazee wa Kikurya wanavyosimama wanapopima kama maneno yamefika mahali pa kuchangia.

MSTAAFU WA MGODI: Mura, mnanishangaza. Katika migodi mikubwa niliyofanya kazi, Land Cruiser kama hii haishuki shimoni bila upinde, bila mkanda, bila taa na bendera juu. Haijalishi wewe ni meneja au mfagizi. Unasimamishwa getini. Na kule barabara zinasawazishwa na greda kila siku, mwendo umeandikwa, hakuna nyumbu anayekatiza. Nyinyi mnawapeleka watu porini kwenye makorongo, mnajadili kama bomba litaharibu picha.

MWENYE GARI: Mzee wangu, mgodi una fedha.

MSTAAFU WA MGODI: Una fedha, ndiyo. Lakini hawakuweka kwa kupenda kutumia fedha. Waliweka kwa sababu walizika watu.

Sikuweza kuyapinga maneno yale. Historia ya vyuma hivi popote ilipoandikwa ni historia ya mazishi. Sweden ndiyo nchi ya kwanza kulazimisha trekta jipya kuja na kinga ya kupinduka, mwaka 1959, mwaka uleule Ngorongoro ilipotenganishwa na Serengeti. Wakulima wao walikuwa wakilaliwa na matrekta yaliyopinduka. Miaka ilivyopita na matrekta ya zamani yalivyokwisha, vifo vya namna hiyo vilishuka hadi karibu na sifuri. Mwaka huohuo 1959, na nchini humohumo, mhandisi Nils Bohlin wa Volvo alitoa mkanda wa kufunga begani na kiunoni kwa pamoja, huu tulio nao hadi leo. Kinga zote mbili zilitoka nchi moja, mwaka mmoja. Wakati ule nilikuwa nikiitaja ile ya trekta tu.

Wenye magari madogo ya starehe, yale ya viti viwili na paa la kukunja, walichelewa kuliko wakulima. Porsche ilipoonyesha 911 Targa mwaka 1965, iliweka upinde mpana wa kudumu nyuma ya viti, na hofu iliyowasukuma ilikuwa kwamba Marekani ingeyapiga marufuku magari ya paa la kukunja. Haikuyapiga. Kanuni ya Marekani ya nguvu ya paa, iliyoanza 1973, iliyaacha nje kabisa magari hayo, kwa sababu nyepesi kwamba hayana paa la kupimwa. Mercedes-Benz walileta mwaka 1989 gari la SL lenye upinde uliolala nyuma ya viti, ambao huchomoka wenyewe ndani ya sekunde 0.3 gari likianza kupinduka. Mazda MX-5 ilianza kuuzwa mwaka huohuo bila upinde wowote, na wenye nayo wamekuwa wakifunga pinde zao tangu wakati huo, wakibishana kama tulivyobishana chini ya mwembe: upinde mmoja au kizimba kizima, na je, gari la kwendea sokoni linahitaji vyuma vya gari la mashindano?

DEREVA: Basi kama ni kuweka, tuweke kizimba kama cha rali. Baba yangu alikuwa anatusimulia Safari Rally, enzi inapita mpaka huku Tanganyika. Gari la rali linabiringika mara tano, mtu anatoka anapunga mkono.

Nesi alikuwa ameleta pikipiki yake kufungwa mnyororo. Ni mama wa makamo, anafanya kazi chumba cha majeruhi, na hakuwa amesema neno hadi hapo.

NESI: Anatoka anapunga mkono na nini kichwani, kaka?

DEREVA: Helmeti, sista.

NESI: Helmeti. Na mikanda mingapi kifuani?

DEREVA: Mingi. Inamshika kama mtoto mgongoni.

NESI: Wageni wako utawavisha helmeti waangalie twiga? Basi bomba lile linalomwokoa mtu wa rali ndilo litakalompasua mgeni wako kichwa. Chuma hakijui kama kimekuja kuokoa. Kikikaa sentimita kumi kutoka kwenye paji la uso, gari likigonga shimo tu, bila hata kupinduka, mimi nitaletewa mtu wa kushonwa.

Hii ndiyo nusu niliyoikosa. Nilikuwa nikifikiri kwamba chuma kikizidi, usalama unazidi. Kwa gari la barabarani, ambalo watu wake hawana helmeti na hawajakazwa vitini, kizimba kamili ni hatari ya kila siku inayonunuliwa kwa ajili ya hatari ya siku moja. Upinde nyuma ya kiti, ukiwa mbali na kichwa, ni jambo jingine.

NESI: Niseme na la pili. Wanaoletwa kwetu gari limepinduka, walio vibaya zaidi si wale waliokaa ndani paa likabonyea. Ni wale waliorushwa. Mtu anatoka dirishani au juu, halafu gari linamfuata. Sasa hii yenu haina dirisha wala juu. Bila mkanda, upinde unalinda viti.

MWENYE GARI: Sista, wazee walisema ajali haina kinga.

NESI: Walisema kweli, kuja kwake hakuna wa kukuzuia. Lakini hawakusema mwili hauna kinga. Kati ya ajali kuja na mtu kufa kuna nafasi. Mimi nafanya kazi kwenye nafasi hiyo. Natamani ningeikuta kubwa kidogo.

Takwimu za Marekani zinamuunga mkono. Ajali za kupinduka ni sehemu ndogo sana ya ajali zao zote, lakini zimekuwa zikichukua karibu theluthi moja ya vifo vya watu waliokuwa ndani ya magari, na wengi wa waliokufa hawakuwa wamefunga mkanda. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Februari 2004, waziri John Michuki alipolazimisha mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwenye matatu za Kenya, watu wa Tarime walikuwa wakivuka Sirari na kukuta ng'ambo ya mpaka kila kiti kina mkanda wake. Hatua mia mbili nyuma, upande wetu, hakuna aliyekuwa akiuulizia.

MSTAAFU WA MGODI: Na huyo dereva? Mnasema wageni, wageni.

NESI: Ndilo la tatu, mzee. Mgeni akiumia Kogatende, bima yake inaita ndege. Madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki wapo tangu 1957, wanatua uwanjani pale, jioni yuko Nairobi. Kijana wetu huyu akiumia, mara nyingi anakuja kwangu nyuma ya pikapu, kwenye barabara ya mikunjo kama bati, na shingo haijafungwa kitu. Bosi, ukiweka upinde mmoja tu, uweke nyuma ya dereva. Yeye ndiye hupanda gari hili kila siku.

Dereva alitazama chini. Mwenye gari naye aliacha kuzungumzia picha. Tangu hapo swali halikuwa tena kama viwekwe. Lilikuwa vinawekwaje, na hapo fundi alipata jukwaa lake. Nitamwachia nafasi kubwa, maana vyuma vingi vya kupinduka ninavyoviona kwenye magari yetu ni vya kupendeza macho tu. Vimepakwa rangi nyeusi, vimefungiwa taa nne, na siku ya siku vitalala kama nyasi.

FUNDI: Bomba kwanza. Silitaki la maji, silitaki la kitanda. La maji lina mshono ubavuni na limepakwa zinki. Ukilichomelea linatoa moshi wa sumu na uchomeleaji haushiki vizuri. La kitanda ni jembamba. Watu wa mbio za magari, shirikisho lao la dunia, FIA, limeandika: bomba lisilo na mshono, milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa unene wa 2. Mimi nafuata hapo. Sina mashine ya kupima, kwa hiyo nafuata waliopima.

MWENYE GARI: Litapatikana Mugumu?

FUNDI: Litaagizwa. Gari imesubiri miezi miwili, itasubiri wiki. Pili, kukunja. Sikunji kwa moto na mchanga ndani. Bomba likipata mkunjo wa ndani kama koo la kuku, hapo ndipo litakapovunjika. Linakunjwa baridi, kwenye mashine, na kona iwe pana: nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Kwa bomba la 45, ni milimita 135.

MSTAAFU WA MGODI: Na miguu?

FUNDI: Ndiyo kiini, mzee. Watu wanafunga upinde juu ya bati la bodi. Gari likipinduka, mguu wa bomba unatoboa bati na kuingia ndani kama kisigino cha kiatu kirefu kwenye tope. Lazima pawe na sahani ya chuma chini ya bati na nyingine juu, bolti zipite katikati, tatu au zaidi kila mguu. Ile ya chini iwe na unene wa milimita tatu walau, na upana wa kama kiganja kilichofunguliwa. Kwa gari kama hii mimi nashuka mpaka kwenye fremu ya chuma niliyoweka juu ya chasi. Na viti navifunga kwenye fremu hiyohiyo. Upinde ukibaki na kiti kikaondoka na mtu, tumefanya nini?

DEREVA: Hayo mabomba ya kukingama ni ya nini? Yanachukua nafasi ya miguu.

FUNDI: Umeona goli la watoto uwanjani, miti miwili na wa juu? Mtoto mmoja akining'inia, linalala pembeni. Halafu wakiegemeza miti miwili nyuma, wananing'inia kumi. Upinde bila mkono wa nyuma na bila wa kukatiza pembe kwa pembe ni goli la watoto.

NESI: Umesahau vichwa, fundi. Upinde ulio nyuma ya dereva uko mbele ya nani?

Fundi alicheka kidogo, akakubali kwamba hapo ndipo panapomnyima usingizi. Gari la starehe la viti viwili lina upinde mmoja na nyuma yake hakuna mtu. Gari la safu tatu ni tofauti. Kinga ya safu ya kwanza ni bomba mbele ya nyuso za safu ya pili. Gari likisimama ghafla, hata bila kupinduka, meno ya mtu yanafika pale. Walijadiliana hapo muda mrefu, na walichokubaliana naona ni sahihi. Upinde ukae sawasawa na mgongo wa kiti cha mbele yake, usiegemee nyuma. Uvishwe sifongo ngumu inayotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa ile laini ya kufungia mabomba ya maji ya moto inabonyea yote kwa dole gumba. Na mkanda wa begani uanzie kwenye upinde wenyewe.

Hili la mwisho ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo, na ndilo lililobadilisha mawazo ya mwenye gari. Katika gari lililokatwa paa, nguzo za kufungia mkanda wa begani zimekwenda na paa. Ndiyo maana magari mengi ya wazi yana mkanda wa kiunoni tu, au hayana kabisa. Upinde unarudisha nguzo hizo. Kila asubuhi gari linapotoka, kazi yake ni kuushika mkanda. Kazi ya kuizuia ardhi isimfikie mtu inaweza isije hata mara moja. Mwenye gari aliyekuwa akihesabu chuma kisicho na kazi aligundua kwamba kina kazi siku zote.

MWENYE GARI: Na wakisimama? Mgeni wa uvukaji hakai, fundi. Mnajua wenyewe.

DEREVA: Gari ikisimama, asimame mpaka achoke. Magurudumu yakizunguka, akae na afunge. Hilo liwe langu. Lakini bosi, na wewe uniunge mkono mgeni akilalamika kwamba nimechelewa mtoni. Usinipigie simu jioni kunifokea.

Mwenye gari alikawia kujibu. Kisha akasema, "Sitakupigia." Wenzangu wengine pale hawakuliona neno hilo kuwa kubwa. Mimi naliona ndilo lililokuwa gumu kuliko bomba lote, kwa sababu ajali nyingi za porini huanza na hofu ya dereva kwa bosi wake.

Hapo alikuwepo mama mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi na maharage, aliyefuata kivuli cha mwembe akisubiri lori la mnadani limrudishe kwao upande wa Tarime. Alikuwa amesikiliza yote.

MAMA WA MNADANI: Wanangu, nimewasikiliza. Mmesema maneno mazuri. Mimi kila wiki napanda Fuso. Tunasimama humo, watu, mbuzi, magunia. Na lenyewe halina paa. Upinde wetu uko wapi?

FUNDI: Mama, upinde kwa watu waliosimama haufanyi kazi. Hamna viti, hamna mikanda. Lori lile halifai kubeba watu kabisa.

MAMA WA MNADANI: Najua halifai. Mbuzi wangu niwabebe kichwani?

NESI: Na teksi za mchomoko hawakupakii?

MAMA WA MNADANI: Na mbuzi watatu, mwanangu?

Hakuna aliyekuwa na jibu, na mimi sina. Naliandika swali lake hapa kwa sababu lina uzito kuliko letu. Gari la wazi ambalo watu wa Tarime na Serengeti wanalipanda zaidi si lile la kutazamia nyumbu. Ni lori la mnada na pikapu la harusi na la msiba, na yote tumeyazoea. Sheria yetu ya usalama barabarani ni ya mwaka 1973, na polisi hulisimamisha lori lile mara kwa mara, lakini hakuna sheria inayoweza kumshusha mama yule bila kumpa kingine cha kupanda. Ningependa halmashauri zinazokusanya ushuru wa mbuzi mnadani zifikirie basi moja lenye viti mbele na kizimba cha mifugo nyuma. Ni kazi ambayo fundi huyuhuyu anaiweza.

Jua lilikuwa linashuka. Fundi akawaita vijana wawili, akawapa mabomba chakavu, akawasimamisha kwenye alama za chaki: mmoja usawa wa mgongo wa kiti cha dereva, mwingine nyuma ya safu ya mwisho, kila bomba kwa kimo alichokitaka mwenye gari, kile cha chini kisichoharibu picha. Kisha akamgeukia mzee.

FUNDI: Mzee, niazime fimbo.

Ni kipimo cha watu wa mbio za magari. Unaweka kijiti kilichonyooka kutoka juu ya upinde hadi juu ya kitu kingine imara cha mbele, na kichwa cha mtu aliyekaa lazima kiwe chini ya mstari huo, kwa sentimita tano walau. Kilicho juu ya mstari, ardhi itakifikia. Fremu ya kioo cha mbele fundi aliikataa: ikishakatwa paa haibebi kitu, akasema, nayo itapata upinde wake. Fimbo moja haikutosha urefu, wakaifunga na ubao.

Dereva alikaa kiti chake. Ngumi ilipita kati ya kofia yake na fimbo. Safu ya kwanza, vidole vinne. Safu ya kati, fimbo iligusa nywele. Safu ya nyuma, ile ya juu, ya wageni wanaolipa zaidi, dereva alipokaa fimbo ilimkata kwenye nyusi. Paji lote la uso lilikuwa nje.

MWENYE GARI: Tupandishe upinde.

FUNDI: Tukiupandisha peke yake, uzito unapanda na gari inazidi kuwa ndefu kwenda juu. Nashauri tushushe viti vya nyuma kwa sentimita kumi na tano, na upinde upande kumi.

Mwenye gari alipanda mwenyewe, akakaa safu ya nyuma kwa kuchutama kidogo, kwa kimo kipya. Akamwambia kijana akae safu ya mbele yake. Alitazama mbele kwa muda, juu ya bega la kijana, kuelekea miti ya upande wa hifadhi.

"Naona," akasema. "Siyo kama mwanzo. Lakini naona."

Fundi akainama na chaki, akaandika 15 kwenye mguu wa kila kiti cha safu ya nyuma. Lori likapiga honi barabarani. Mama alikusanya kamba za mbuzi wake, akawaaga wote, akamwambia nesi abaki salama. Vijana walimsaidia kuwapandisha mbuzi, kisha naye akapanda, akashika bomba la ubavuni, akasimama na wenzake, vichwa vyao juu ya kabini. Dereva wetu alikuwa bado ameishika fimbo ya mzee mkononi.